Matusi ya Mlangoni

Kisiwa cha Mulsan, 4 Machi 2019

Eunsol, mwoza wewe,

Hujambo? Mimi sijambo, ni magoti tu yanayonisemasema. Upepo wa bahari bado una meno. Kitunguu saumu kimeota, kabichi ya kimchi imebaki mtungi mmoja na nusu, na mbwa wa Mama Haenam, huyu jirani, amezaa watoto sita chini ya ghala letu la chumvi bila kuomba ruhusa.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani bado sijui kusoma. Mtoto niliyemlea kwa mikono hii, akaenda Seoul kusomea Kiingereza, leo anamwandikia bibi yake akimwomba matusi. Nilikuwa nataka nimwonyeshe Mwalimu Pyo, yule binti anayetufundisha kuandika sisi vikongwe wanane pale ukumbi wa kijiji. Nikairudisha barua kifuani haraka.

Lakini nimekuelewa. Umepewa filamu ya Kiingereza uiandikie maneno yetu chini ya picha. Ni ya kwanza itakayotoka na jina lako. Kampuni imekurudishia kazi inasema matusi yako yamepoa kama uji wa jana, na ukiwapelekea tena yaliyopoa kazi watampa mtu mwingine. Sawa. Kama ni matusi, umebisha hodi panapostahili.

Sasa nisikilize. Hayo ya Kiingereza uliyoniandikia mimi siyaoni matusi. Unasema wanatukana kwa vitu vya chooni. Choo kina ubaya gani? Tulikuwa tunakibeba kwa ndoo mpaka shambani na kabichi inanona. Unasema wanamwambia mtu aende motoni. Huo moto uko upande gani? Hapa kisiwani hakuna aijuaye njia yake. Na hayo mengine ya chumbani, mtu mzima ukimtajia ya chumbani ataona haya tu, haumii. Tusi lazima liingie. Mwambie mtu tauni imkumbe. Mwambie akatwe vipande sita, kama walivyokatwa wahaini enzi za wafalme. Mwambie akifa hatakuwa na wa kummiminia kikombe cha pombe ya mchele siku ya kumbukumbu yake. Hapo hata mlevi anakaa kitako.

Ila "mwoza", yaani mtu aliyeoza, usimpe kila mtu. Hilo ni la watu wa nyumbani. Ulipozaliwa ulikuwa mzuri kupita kiasi, nikakuita Mavi ya Mbwa mpaka ukatimiza miaka mitatu, ili wale wasioonekana wasikutamani. Ndiyo maana uko hai na unakula mkate huko. Mimi nikimwita mtu mwoza ujue nimeshampikia.

Kula wali. Mkate si chakula.

Ni mimi, Ma Pilnam, nimeandika kwa mkono wangu.


Seoul, 29 Machi 2019

Bibi yangu,

Nakuinamia kutoka huku, paji la uso mpaka sakafuni. Natumaini magoti yamekuhurumia. Mimi ni mzima. Wali nakula, usiku na asubuhi. Dirisha langu linaangalia ukuta, lakini saa nne asubuhi jua linapita kati ya majengo mawili na chumba kizima kinakuwa cheupe kwa dakika chache, kama niko ndani ya ganda la yai.

Matusi yako yamefika salama. Tauni imekubaliwa. Vipande sita vimemchekesha bosi mpaka akavua miwani. Sasa limebaki tukio moja, na hilo ndilo filamu yenyewe.

Ni hivi. Kuna mama mfuga kondoo, huko kwenye kisiwa chao cha baridi. Binti yake anaondoka nyumbani na begi moja. Mama anasimama mlangoni kwenye mvua anamtukana. Nimehesabu matusi kumi na mawili, moja juu ya jingine, hapumziki. Binti anatembea tu, hageuki. Mimi nina nafasi ya mistari miwili mifupi. Nimeitazama mara nyingi hata nimezima sauti, namwona tu yule mama akifungua na kufunga mdomo kama samaki kwenye beseni, na mvua inamshuka. Bibi, mtu akiwa mlangoni na mwenzake anaondoka, kwenu mnasema nini?

Kuna jambo jingine. Tangu nianze kulitazama tukio hili naota ndoto moja. Niko kwenye uwanja wetu, nina miaka sita, na Mama anatoka langoni. Theluji inaanguka nyuma yake. Inaanguka kwa sauti, kama mchele unaomwagwa. Lakini Mama aliondoka Agosti, sivyo? Nilikuwa nimeshika tikiti maji. Ile theluji ilitoka wapi?

Mjukuu wako,
Eunsol


Kisiwa cha Mulsan, 20 Aprili 2019

Eunsol, mwoza wewe,

Huku chumvi imeanza kuja. Ulikuwa ukiniuliza utotoni kwa nini tunasema inakuja, kana kwamba ni mgeni. Ni kwa sababu huwezi kuiita. Unaiwekea maji mapana, jua, upepo, halafu unakaa. Jana asubuhi maji ya majaruba ya chumvi yalitulia hata mbingu yote ikalala humo. Nilipita katikati nikiburuta reki, na chini ya miguu yangu kulikuwa na kikongwe mwingine anatembea kichwa chini, naye anaburuta reki yake. Nikamwambia umezeeka wewe.

Mama Haenam ameanguka bafuni lakini hakuvunjika, ana mifupa ya ng'ombe. Watoto wa mbwa wamefumbua macho.

Barua iliyopita Mwalimu Pyo aliiona kabla sijaibandika. Alisema anataka kunisahihishia herufi. Akasoma, uso ukaiva kama pilipili. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akasahihisha "tauni" na kunibandikia picha ya dubu kwa kuandika ukurasa mzima. Basi nimeshakuwa mtukanaji mwenye dubu.

Kuhusu huyo mama wa kondoo. Kwanza niambie, mwishoni mwa hiyo filamu binti anarudi au harudi? Huwezi kujua tusi mpaka ujue hilo. Ni kama kutia chumvi kabla hujaonja.

Agosti hakuna theluji. Ulikuwa na homa siku zile.

Nimekutumia dagaa wakavu. Wachambue vichwa usiwe mvivu.

Ma Pilnam


Seoul, 2 Juni 2019

Bibi yangu,

Nakuinamia. Dagaa walifika, na harufu yao imenipatanisha na jirani wa mlango wa pili, maana ametoka Mokpo naye alilia kidogo aliposikia harufu ile. Pole kwa Mama Haenam. Nisamehe kwa kukaa mwezi mzima bila kuandika. Kila nikishika kalamu naona uwanja wetu.

Binti anarudi, Bibi. Mwisho wa filamu anarudi kwenye mlango uleule, miaka imepita, na mama anamfungulia. Hawasemi kitu.

Tusi nimelipata. Hukunipa wewe. Ofisini kuna mzee mmoja anayepitia kazi zetu, mtu wa Naju. Nilimweleza tukio la mlangoni akasema mara moja, kwao mtu asiyetakiwa akishatoka, bibi yake mzee huyo hakutukana, alikuwa anasema "leteni chumvi". Kisha anaimwaga nyuma ya mtu yule ili asirudi kamwe na bahati mbaya yake imfuate. Maneno mawili tu, Bibi. Yanaingia kwenye mstari mmoja. Nikamwandikia bosi na bosi amefurahi, anasema hakuna mtu ukumbini ambaye hatashtuka. Naikabidhi kazi tarehe 30 Juni, na jina langu litakaa mwishoni, mstari wake peke yake.

Nilirudi kwenye kiti changu nikafungua tukio, nikaandika "Leteni chumvi" chini ya yule mama. Nikalitazama. Ndipo nikaacha kuandika.

Ile haikuwa theluji.

Bibi, sina homa. Nakuuliza nikiwa mzima. Ilikuwa nini?

Eunsol


Kisiwa cha Mulsan, 21 Juni 2019

Eunsol,

Sitaanza na magoti leo.

Barua yako imekaa wiki mbili ndani ya debe la mchele. Kila nikichota mchele naigusa. Juzi mchana nililala barazani na baba yako akaja. Gwangho wangu, ameshika viatu mkononi, anapita juu ya majaruba na maji hayatikisiki. Tangu bahari imchukue hajanijia hata mara moja, nikidhani amenikasirikia. Alisimama ng'ambo akaniuliza, "Mama, wale wamekula?" Nikamuuliza wale akina nani. Akanitazama tu, kama anayemtazama mtu anayejifanya hajui. Nilipoamka mdomo ulikuwa umekauka, una ladha ya chumvi.

Ilikuwa chumvi. Nilimwaga mimi.

Baba yako alipokufa nilihitaji mtu wa kumlaumu na bahari ni kubwa mno. Mama yako alikuwa karibu. Nikasema nyota yake ni nzito, ameingia na kifo nyumbani kwangu. Miaka mitatu alipika, alivuta reki kwenye majaruba, mabega yakachubuka, na mimi sikumwita hata siku moja kwa jina baya. Umenielewa? Kabla ya hapo nilikuwa nikimwita mwoza asubuhi na jioni, mwoza njoo ule, mwoza vaa soksi. Baada ya msiba nikaanza kumwambia "Mama Eunsol" na "tafadhali". Siku aliposema anakwenda mjini kutafuta kazi na atakurudia wewe, nilimjibu kwa heshima zote. Nilisema, "Safari njema, Mama Eunsol. Ujitunze." Nikaongeza, mtoto abaki, ni damu yetu. Alipovuka lango nikaingia ghalani, nikajaza beseni, nikamwaga yote nyuma yake mpaka barabarani. Sikusema neno. Alisikia. Mabega yake yalipanda hivi, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi, kisha akaenda.

Majirani niliwaambia nafukuza mikosi ya msiba. Waliamini, maana ndiyo kazi ya chumvi hiyo pia.

Miaka kumi na tisa hajarudi. Amwagiwaye harudi. Kwa hiyo kazi yako ni mbovu, na huyo mzee wa Naju hajui chochote, na bosi wako vilevile. Huwezi kuandika chumvi halafu binti arudi mwishoni. Watu wote wenye bibi watainuka vitini wakusute. Yule mama wa kondoo ana matusi kumi na mawili. Mtu mwenye matusi kumi na mawili hataki uende. Anakurushia kila kilicho mdomoni ili ugeuke. Mimi sikuwa nalo hata moja. Mpe mwoza, Eunsol. Umwandikie, "Mwoza wewe. Nenda basi, nenda." Yasizidi. Usimwekee chumvi mdomoni mtu ambaye hakuimwaga.

Najua tarehe 30 iko karibu na bosi ameshafurahi. Nitatembea mpaka gatini kuipa meli ya asubuhi barua hii.

Kuna jingine, nalo ni baya zaidi. Zile soksi nyekundu na makoti ya pamba yaliyokuja kila mwaka siku yako ya kuzaliwa, sikununua mimi sokoni, alituma mama yako. Karatasi za juu ya vifurushi, zenye anwani yake, niliwashia jiko, maana sikujua kusoma na sikutaka kusomewa. Ya mwisho sikuichoma. Niliiweka ndani ya mto. Mwaka jana, Mwalimu Pyo aliponifikisha herufi ya mwisho, niliitoa, na hilo ndilo jambo la kwanza nililosoma katika nyumba hii. Ni jina la mtaa, mjini Gunsan. Nimelijua mwaka mzima na nimenyamaza. Nimelinakili nyuma ya karatasi hii. Nimelinakili polepole lisikosewe.

Unataka niandike samahani. Mwalimu hajatufikisha kwenye neno hilo.

Ma Pilnam


Kisiwa cha Mulsan, 30 Julai 2019

Eunsol,

Umenyamaza. Haki yako.

Mvua ndefu zimepita. Mbwa wanne wamechukuliwa, wawili wamebaki, mmoja analala kwenye kiatu chako cha shule. Mama Haenam anauliza habari zako, nimemwambia una kazi nyingi.

Sijui kama uliandika chumvi au hukuandika. Sijui kama jina lako limebaki. Nakaa barazani naangalia gati. Mawingu yanashuka kwenye majaruba yanapita upande wa pili, wala hayaniachii habari.

Kiatu bado kinakutosha, nadhani.

Bibi yako


Seoul, 11 Agosti 2019

Bibi,

Nakuinamia.

Barua yako niliipata tarehe 27 Juni. Tarehe 28 nilifuta chumvi. Bosi alikasirika, akasema nimeharibu mstari bora kuliko yote, akaniuliza ni nani aliyeniambia. Nikasema mtu aliyeimwaga. Akatazama filamu mpaka mwisho, mpaka mlango unafunguliwa. Kisha akasema acha hivyo. Jina langu limebaki.

Julai nilikwenda Gunsan. Sikukuandikia kwa sababu sikujua niandike nini, na hata sasa kuna sehemu nairuka, unisamehe.

Ana kibanda cha keki za samaki karibu na stesheni. Alinijua kabla sijasema kitu. Aliniuliza kama soksi zilikuwa zinanitosha. Tulikaa nyuma ya kibanda, mvuke ukitupita usoni, sikumbuki tulikaa muda gani. Nilimuuliza kwa nini hakurudi hata mara moja. Alisema alifika mpaka gati la Mokpo mara mbili na meli ikaondoka akiitazama. Alisema, "Bibi yako angenitukana siku ile, ningerudi siku ya soko iliyofuata. Aliniaga kama mgeni. Nikajua nimefutwa."

Sikumwambia ndoto yako. Hiyo ni yako.

Filamu itaonyeshwa Mokpo tarehe 5 Oktoba, saa nane mchana, kwenye ukumbi wa mji. Nimeweka tiketi ndani. Mwambie Mwalimu Pyo awalete nyote wanane, nimemtumia zao. Yako ina nambari ya kiti. Usibadilishane na mtu.

Eunsol


Kisiwa cha Mulsan, 7 Oktoba 2019

Eunsol, mwoza wewe, mjanja wewe, tauni ikukumbe wewe na nambari zako za viti,

Nimerudi salama. Magoti yamevimba, ni kosa lako. Hali ya hewa nzuri, mpunga wa bara umekuwa wa manjano, na Mama Haenam alitapika melini kwenda na kurudi.

Tulivaa vizuri. Mwalimu Pyo alitupanga kama watoto wa darasa la kwanza. Sisi wanane hatujawahi kuelewa filamu ya wageni maisha yetu yote, maana ilikuwa picha tupu, watu wanabwabwaja na maandishi yanapita kama siafu. Safari hii tulikuwa na macho. Kila neno likitokea vikongwe wote wanalisoma kwa sauti, mpaka kijana mmoja mbele akageuka. Mama Haenam akamwambia geuka huko, sisi tumelipia kusoma.

Mimi nilikuwa mbali nao kidogo, kwa sababu ya nambari yako. Kushoto ukuta. Kulia kiti kitupu. Taa zilipozimwa mtu akaja akakaa. Mwanamke, nywele zina mvi pembeni, ananukia mafuta ya samaki. Sikutazama. Naye hakutazama. Tulikaa hivyo kama vitu viwili vilivyosahauliwa kwenye rafu, na mbele yetu kondoo weupe wanapita kwenye ukungu, wengi, polepole, mpaka nikahisi ni chumvi imeota miguu inaondoka yenyewe.

Kisha mlango. Mvua. Yule mama akaanza.

Maneno yako yakatokea na nikaanza kuyasoma, lakini mimi husoma kwa mwendo wa konokono, na macho yalikuwa na maji ya upepo wa melini. Nilifika "Mwoza" na yakafutika. Nadhani nilitoa sauti. Yule mwanamke wa kulia akainama upande wangu akanisomea, taratibu, kama anayemsomea mgonjwa. "Mwoza wewe. Nenda basi, nenda."

Sauti ileile. Ilikuwa inaniita jikoni, Mama, maji yamechemka.

Nilikuwa nimebeba mayai mawili ya kuchemsha, kwa ajili ya safari. Nikatoa moja nikamwekea kwenye goti. Nikasema, "Mwoza wewe, umekonda. Umekula?"

Mabega yake yalipanda, kama siku ile, kisha yakashuka. Yakashuka kabisa, Eunsol, nilikuwa sijui kama yanaweza kushuka kiasi kile. Akalimenya yai gizani, maganda akayakusanya mapajani kama ilivyo tabia yake. Binti wa kwenye picha alikuwa bado anatembea, hajafika popote.

Akaniuliza kama sina chumvi.

Ninayo siku zote. Ya majaruba yetu, ndani ya kikaratasi. Nilikifungua, nikamshika mkono, nikamwekea kiganjani.